Kanda Niliyosema Nimeifuta

Happy aliniomba niandike kurasa mbili tatu kuhusu kazi ya maktaba ya kanda za video hapa kituoni, ili wanaoanza kazi wazisome. Alisema, "Mzee, ukiondoka na hayo maarifa kichwani tumekwisha." Najua ni maneno ya kumpamba mtu anayeagwa. Mlinipamba wiki nzima, mkanivisha na taji la maua ya plastiki, nikaonekana bwana harusi aliyechelewa ndoa yake. Lakini nimekubali kuandika. Habari za vyeo sitaziandika, maana sikuwa navyo vingi, na mishahara yetu mnaijua wenyewe. Nitaeleza nilivyoanza na aliyenifundisha, halafu nitaeleza habari ya kanda moja. Hiyo ya mwisho, Happy, hukuiomba. Inakuhusu, na nakusihi uisome mpaka mwisho kabla hujanipigia simu.

Nilizaliwa Solwa, nikaja mjini Shinyanga nikiwa kijana, nikawa fundi redio karibu na soko. Televisheni zilipoanza kuingia huku bara miaka ya tisini, wenye kituo chetu walitafuta mtu wa kulehemu nyaya, wakanikuta mimi. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe nikidhani huenda nitakaa mbele ya kamera. Loh! Nilikabidhiwa ufagio.

Aliyenikabidhi ni Mzee Fotunati, Msumbwa wa Ushirombo, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amewarekodia mapadri kwaya za parokia tangu enzi za kanda za rili, zile za magurudumu mawili. "Vumbi kwanza," aliniambia, "televisheni baadaye." Mwezi mzima sikugusa kitu kingine isipokuwa pamba na spiriti, nasafisha vichwa vya mashine asubuhi na jioni. Mwezi wa pili akaanza kuninusisha kanda. Ndiyo, kunusa. Alikuwa anafungua boksi, ananisogezea puani.

"Unasikia nini?"

"Siki, mzee."

"Basi hiyo inakufa. Ukiisikia hiyo harufu, acha hata ugali wako mezani, iwahi."

Alinifundisha kuunga kanda iliyokatika: unakata kwa wembe mpya, unakata mshazari, unaunganisha kwa utepe wa gundi bila kuacha kidole chako juu yake. Alinifundisha na hila moja ambayo leo natamani nisingeijua. Kanda tupu zilikuwa adimu, kwa hiyo uongozi ulikuwa unaagiza tufute vipindi vya zamani turekodi vipya juu yake. Mzee Fotunati hakubishana na mtu. Kanda nzuri aliibandika jina la uongo. Ngoma ya wagika na wagalu, yale makundi mawili ya Kisukuma yanayoshindana kucheza, aliiandika "Semina ya Mbegu za Pamba". Kwaya ya marehemu mwalimu wake aliiita "Kikao cha Ushirika, Sehemu ya Pili". "Hakuna bosi atakayetazama sehemu ya pili ya kikao," alisema. "Meneja anafuta, mhasibu anafuta. Fundi hafuti." Nililishika neno hilo kuliko nilivyoshika katekisimu.

Miaka iliyofuata nilizunguka sana na kamera. Geita machimboni vumbi la karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, lilikuwa linaingia kwenye kamera hata ukiifunga kwa mfuko wa nailoni, na ulikuwa unarudi mjini unatema vumbi. Nkome tulirekodi kipindi cha dagaa, na kanda zile zilinuka mwalo wa ziwa mpaka mwaka uliofuata. Nikawa naitwa Baba Dagaa badala ya Baba Kulwa. Bugarama nilitumbukiza betri kwenye dimbwi, tukarudi bila hata picha moja. Nikasemwa, nikakoma. Hayo yote yalinipita kwa kuwa yalikuwa makosa ya mikono.

Sasa nije kwenye habari yenyewe.

Mnakumbuka, au mmesikia, kwamba tulikuwa na kipindi cha muziki wa zamani Jumapili mchana. Seti yake ilikuwa kochi la kuazima na pazia la bluu lenye tundu ambalo mtangazaji alikuwa analikalia mbele makusudi. Walikuja wanamuziki wastaafu wa kila aina, na kila mmoja alidai ndiye aliyeleta chachacha Usukumani. Siku moja Mzee Fotunati, akiwa ameshastaafu, alikuja na mama mmoja amejifunga ushungi, ametulia, hakudai chochote. Huyo ndiye Bi. Tatu.

Baba yake alikuwa Mmanyema wa Ujiji, mpishi kule Mwadui, kwenye mgodi wa almasi. Mama yake alikuwa Msukuma wa Maganzo. Miaka ya sitini, akiwa binti, Bi. Tatu aliimba kila Jumamosi kwenye klabu ya wafanyakazi pale Mwadui, mwanamke peke yake kati ya wanaume wanane wenye magitaa na saksafoni. Watu walikuwa wanatoka Shinyanga kwa baiskeli kwenda kumsikia. Bara hatukuwa na televisheni wakati huo, kwa hiyo sura yake ya ujana hakuna aliyeinasa. Sauti ilinaswa mara moja tu, kwenye rili ya injinia mmoja mgeni, na mpiga gitaa wa bendi alikuwa amemwachia Mzee Fotunati ile rili kabla hajafa.

Nilipofungua boksi ilinuka siki mpaka macho yakanitoka machozi. Ilikatika mara kumi na moja nikiiandaa, nikaiunga mara kumi na moja. Tukaiweka kwenye mashine, kamera ikamwelekea mama kwenye kochi, na mimi nikabonyeza. Kwanza ikasikika chupa inagongwa, halafu mwanamume anapiga kelele, "Tatu, rudia!" Halafu sauti. Aisee. Sauti nzito kidogo, haina haraka, inaimba habari ya mchimbaji anayekaguliwa langoni anapotoka kazini: *mfukoni wamepekua, moyoni hawakufika.* Bi. Tatu aliziba mdomo kwa ncha ya ushungi. "Jamani," alisema, "huyu ni mimi?" Alisikiliza ubeti mzima amefumba macho. Ubeti wa pili akaanza kuimba chini chini, sauti ya mama wa miaka sitini ikimfuata yule binti kwa nyuma, ikamkuta, wakaenda pamoja mpaka mwisho. Mtangazaji alisahau kuuliza swali. Mimi nililia waziwazi nyuma ya mashine, sioni haya kusema.

Rili ilivunjikavunjika siku ile ile tulipoirudisha nyuma. Ikabaki kanda yetu ya video peke yake.

Tulikirusha kipindi kile mara nyingi. Halafu Bi. Tatu akaenda Makka. Aliporudi, alikuja ofisini na binti yake, Mama Shani, wakakaa kwenye benchi la mapokezi mpaka nikatoka.

"Shikamoo, Hajjati."

"Marahaba, baba. Nimekuja na ombi, na ombi lenyewe usinicheke."

"Siwezi kukucheka, mama."

"Ile kanda uifute. Mimi yale mambo nimeshayatubia. Wewe ni Mkristo, lakini nadhani utanielewa. Nikiwa hai, mkiipiga, naomba msamaha. Nikishakufa siwezi tena kuomba, na nyinyi mtakuwa mnaendelea kuipiga, na kila mkiipiga naandikiwa mimi kule niliko. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kufa siogopi."

Nilimwambia aje Alhamisi. Alitaka kushuhudia kwa macho yake, akasema hivyo mara mbili, na mimi nikasema hakuna shida. Kwa hiyo nilikuwa na siku mbili za kufikiri. Naliandika hili ili asije mtu akasema nilipitiwa. Sikupitiwa.

Alhamisi wakaja, yeye na Mama Shani, nikawakalisha kwenye chumba cha mashine. Nikamwonyesha kanda yenye jina lake, nikaiweka kwenye mashine ya kwanza, akajiona kwenye kochi. "Ndiyo hiyo," akasema, akageuza uso. Nikaitoa. Nikawapa mgongo, nikaiacha juu ya meza nyuma ya mashine, nikachukua kanda nyingine iliyokuwa haina kitu, nikaiingiza kwenye mashine ya pili, nikabonyeza kitufe chekundu kwa mbwembwe kama daktari. Tukangoja. Nikaipiga. Skrini ikajaa chenga tupu.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha, mama."

"Haiwezi kurudi?"

"Haiwezi."

Alinyanyua mikono pale pale akaniombea dua ndefu, mimi na watoto wangu Kulwa na Doto, akawataja kwa majina. Mama Shani akaitikia amina. Walipotoka, nilibandua jina kwenye ile kanda, nikaandika "Semina ya Mbegu za Pamba, Sehemu ya Tatu".

Mtaniuliza kwa nini. Nilijiambia ni kwa sababu ya historia. Nilijiambia wajukuu wake watanishukuru. Nilijiambia fundi hafuti. Lakini ukweli ni kwamba niliipenda ile kanda, nikaona ni yangu kuliko yake, kwa kuwa mikono iliyoiunga ile rili ilikuwa yangu. Siku nyingine mchana, wenzangu wakienda kula, nilikuwa najifungia naisikiliza. Kila nikimkuta Bi. Tatu mjini, ananiuliza habari za watoto, ananiita mtu mwaminifu. Nilikuwa naitikia. Padri nimemweleza mengi maishani, hili sikumweleza.

Basi ikaja zamu ya kompyuta. Happy, ulikuwa umeajiriwa juzi tu, ukapewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka, ya kuhamisha kanda zote kwenye diski. Wengine wangenakili jina la juu na kuendelea. Wewe ulizitazama zote, hata semina za pamba. Bhebhe wewe, ulivyokuja mbio koridoni! "Mzee, kuna maajabu humu, kuna mama anaimba na sauti yake mwenyewe!" Ulikuwa umesikia mtangazaji akimtaja, ukaandika vizuri kabisa: Bi. Tatu, Klabu ya Mwadui. Nikakusifu. Ningeweza kukwambia pale pale, maneno mawili tu: mwenyewe alikataa. Lakini ningesema hivyo ungeniuliza kwa nini bado ipo. Nikasema, "Hongera, mwanangu, iweke," nikarudi mezani kwangu.

Mwaka jana Bi. Tatu akafariki, asubuhi, nyumbani kwake Ngokolo. Nilipata simu nikaenda moja kwa moja, sikupita ofisini. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya swala ya alasiri. Tuliporudi kutoka makaburini tukakaa wanaume kwenye mikeka nje ya nyumba, chini ya turubai, shehe anasoma taratibu. Ng'ambo ya barabara kuna saluni ya kunyoa, ina televisheni kubwa ukutani, na mwenye saluni kwa heshima ya msiba alikuwa ameifunga sauti.

Halafu akaifungua. Sikumlaumu, alidhani anafanya jambo jema. Nikasikia chupa inagongwa, na mwanamume anapiga kelele, "Tatu, rudia!"

Shehe akasita. Wazee wawili wakageuza vichwa kutafuta redio. Ndani, kwa wanawake, kilio kilikuwa kimetulia, na sasa kikanyamaza kabisa. Ile sauti ikavuka barabara ikaja mpaka kwenye mikeka, *mfukoni wamepekua*, na marehemu hajatimiza hata saa mbili ardhini.

Nilivuka barabara bila viatu. "Zima!" nikamwambia kinyozi.

"Mzee, si ndiye marehemu mwenyewe? Kituo chenu kinamuenzi. Wametangaza watampiga jioni nzima."

"Nimesema zima!"

Akazima, amekasirika. Lakini saluni ilikuwa moja. Duka la pembeni walikuwa wamewasha, na nyumba ya tatu, na nilisikia ubeti wa pili ukiendelea kwa majirani. Nikakupigia simu, Happy. Ilikuwa inatumika, inatumika, inatumika. Ulipopokea ulikuwa unalia kwa furaha. "Mzee, watu wanapiga simu mpaka kutoka Geita! Wanasema hawajawahi kusikia kitu kama hiki!"

"Itoe hewani."

"Niitoe? Kwa nini?"

"Itoe tu, nimekwambia."

Uliitoa, ukaninunia wiki nzima, na ulikuwa na haki. Ulifanya kile ambacho kituo chochote kinafanya msanii akifa. Ulikuwa umetunza, umeandika jina sahihi, umemkumbuka siku yake. Kazi yako ilikuwa nzuri, baadaye wakakupa na cheti. Kosa halikuwa lako hata punje. Nilinyamaza nikakuacha udhani ni mzee tu ana wivu, kwa kuwa hilo lilikuwa jepesi kwangu kulibeba.

Ilikuwa imeshachelewa pia. Watu walikuwa wameichukua kwa simu zao wakaanza kurushiana. Ndani ya mwezi kuna kijana akaiwekea mdundo wa kisasa. Nilipokwenda Geita kwenye harusi ya mpwa wangu nilikuta wachimbaji wanaicheza mbele ya baa, wamevaa mabuti yao yenye tope, wanaitikia kwa sauti moja, "Tatu, rudia!" Nzuri, wallahi, wameitengeneza vizuri. Nilishindwa kula.

Ninachowaomba nyinyi mnaobaki ni hiki. Kwenye diski zenu iondoeni, na siku yake ya kumbukumbu msiipige. Akija mtu kuwaambia futa, na mmeamua hamfuti, mwambieni machoni kwamba hamfuti, agombane nanyi, awashitaki, aende kwa mkubwa wenu. Kanda ni zenu kuzitunza. Dhambi na thawabu za mwenye sauti si zenu kuziamulia. Nilichelewa miaka mingi kulijua hilo, na Mzee Fotunati, Mungu amrehemu, alinifundisha nusu tu.

Siku chache baada ya arobaini, Mama Shani alikuja nyumbani kwangu. Mke wangu alimletea chai, hakuigusa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea, lakini Mama Shani akaniwahi.

"Baba Kulwa," alisema, "sikuja kugombana. Nataka ujue tu. Wiki ya mwisho mama alikuwa ananiuliza kila siku, 'Yule kijana wa kanda aliifuta kweli?' Kila siku, anasahau, anauliza tena. Na mimi kila siku namwambia, 'Aliifuta, mama, si tulikuwa wote? Baba Kulwa hawezi kukudanganya.' Basi anatulia. Hata ile asubuhi aliniuliza, nikamwambia hivyo hivyo, akatulia, akafa."

Niliinuka nikaenda chumbani nikaileta ile kanda. Nilikuwa nimeitoa maktaba baada ya msiba, pamoja na mashine moja mbovu ambayo uongozi ulishaiandikia kutupwa, nikaitengeneza. Nikaiweka kanda mezani mbele yake. Nikamwambia ndiyo hii, ya kweli, nitaifuta sasa hivi, akae aone kwa macho yake.

Mama Shani aliitazama ile karatasi ya semina ya pamba, akaisoma. Akanyanyuka, akatengeneza ushungi wake.

"Aliyetaka kuona alikuwa mama," alisema. "Mimi nilimsindikiza tu."

Akamuaga mke wangu, akatoka.